Kereng'ende mwekundu ni yupi? Namna ya kumtambua kereng'ende wa Afrika palepale alipo

Ukisimama kando ya kijito chenye jua mahali pengi barani Afrika, hukawii kumwona kereng'ende mwekundu ametua kwenye ncha ya kijiti, ameyashusha mabawa yake mbele, na kichwa chake kikigeukageuka kufuata kila kidudu kinachopita. Kumpa jina huonekana kuwa kazi ya dakika moja: unafungua mwongozo wenye picha, unatafuta kereng'ende mwekundu, unaandika jina lililo chini ya picha. Tatizo ni kwamba Afrika ina spishi zaidi ya 700 za kereng'ende, na madume wekundu wamo katika jenasi nyingi (yaani makundi ya spishi) ambazo hazina hata undugu wa karibu: Trithemis, Crocothemis, Urothemis, Sympetrum, Tramea, na hata Anax mmoja mkubwa. Atakayeanza na rangi ataishia kuwa na majina kumi yanayofaa na asijue achague lipi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ugumu huu hautokani sana na wingi wa spishi, bali na mpangilio wa maswali. Rangi ndiyo inayovuta jicho kwanza, nayo ndiyo inayopaswa kuulizwa mwisho, baada ya mahali, mwenendo na umbo la mwili.

Sababu za kutoiamini rangi ni za kibiolojia, na inafaa kuzifahamu kabla ya kwenda mbali. Kereng'ende huishi maisha yake ya utotoni majini akiwa lava, yaani mtoto asiyeweza kuruka, kisha hupanda kwenye jani au jiwe, hupasua ganda na kutoka akiwa na mabawa. Katika siku zake za kwanza huwa na rangi ya manjano iliyopauka au ya kahawia, mabawa yake hung'aa kupita kiasi, na huruka kwa unyonge akiyapa maji kisogo ili akakomae mbali na madume wagomvi. Dume atakayekuwa mwekundu baadaye hufanana wakati huo na jike wa spishi yake, na mara nyingi na majike wa spishi nyingine kadhaa. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kinachotokea ndani ya ngozi ya kereng'ende wekundu waliowachunguza, wakiwemo wa jenasi za Crocothemis na Sympetrum: kemikali za rangi ziitwazo omokromu ni zilezile kwa mdudu wa manjano na kwa mdudu mwekundu, ila kwa dume anayekomaa hupokea elektroni, na badiliko hilo ndilo linaloigeuza manjano kuwa nyekundu. Kwa hiyo mdudu wa manjano na mdudu mwekundu mnaowaona kwenye majani mamoja huenda ni ndugu wa tumbo moja waliopishana umri tu.

Kwa kereng'ende wa buluu mambo yako tofauti kidogo. Buluu ya madume wengi wa Kiafrika, hasa wa jenasi ya Orthetrum, hutokana na unga mwembamba wa nta unaojitokeza juu ya ngozi kadiri dume anavyokomaa. Unga huo hufunika michoro ya asili, na pia hukwanguka. Wakati wa kujamiiana jike hulishika tumbo la dume kwa miguu, na dume aliyekwisha kujamiiana mara kadhaa hubaki na mikwaruzo myeusi mahali nta ilipotoka. Mgeni huweza kuidhania mikwaruzo hiyo kuwa alama ya spishi, na kumbe ni historia ya dume mmoja tu.

Basi tuanze mahali panapostahili. Swali la kwanza ni la kundi kubwa, nalo hujibiwa kwa mtazamo mmoja. Kereng'ende wembamba wa Zygoptera wana macho yaliyoachana sana kwenye pande mbili za kichwa, mabawa ya mbele na ya nyuma yenye umbo moja, na wengi wao huyakunja mabawa juu ya mgongo wanapotua. Kereng'ende wanene wa Anisoptera huyaacha mabawa yametandazwa, na bawa la nyuma huwa pana zaidi kwenye shina, yaani linapoungana na mwili. Wapo wa familia ya Lestidae ambao ni wembamba lakini hutua na mabawa yakiwa nusu wazi, hivyo macho na umbo la bawa ni ushahidi bora kuliko mkao peke yake.

Kwa Anisoptera, swali linalofuata ni la macho. Yakiwa yameachana kabisa, mbele yako kuna mmoja wa Gomphidae. Mfano mzuri ni Ictinogomphus ferox, mkubwa mwenye michirizi ya manjano na nyeusi, anayetua kwenye kijiti kilichojitokeza juu ya maji yaliyotulia, na ambaye karibu na ncha ya tumbo ana kipande kilichotanuka pande zote mbili. Macho yakikutana kwa mstari mrefu juu ya kichwa, na mdudu akawa mkubwa asiyechoka kuruka, huyo ni wa Aeshnidae. Anax imperator mwenye kifua cha kijani na tumbo la buluu ni wa familia hiyo, na ndugu yake Anax speratus ana tumbo lenye wekundu wa rangi ya chungwa. Hapo ndipo umbo linapoonyesha faida yake: mtu anayeangalia wekundu pekee angemweka Anax speratus pamoja na yule mdogo wa kwenye kijiti, ilhali macho, ukubwa na mwenendo wa kupiga doria bila kutua humtenga mara moja. Waliobaki, ambao ndio wengi tunaowaona kila siku, ni wa Libellulidae, familia yenye kereng'ende wanaopenda kutua mahali pa wazi na kurudi hapohapo baada ya kila safari fupi.

Mahali na mwenendo huweza kupunguza orodha kuliko kitabu chochote. Kuna spishi za maji yanayotiririka juu ya mawe, za mabwawa yenye matete, za vinamasi vya mafunjo, za madimbwi ya mvua yatakayokauka baada ya wiki chache, na za vijito vyenye kivuli cha msitu. Coryphagrion grandis, kereng'ende mrefu mwembamba wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, hutaga kwenye maji yaliyokusanyika ndani ya mashimo ya miti, na ndugu zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini. Ukimtafuta kando ya mto hutampata. Platycypha caligata hukaa kwenye vijito vyenye miti, na dume wake humchezea jike mbele ya uso huku akiionyesha miundi ya miguu iliyopanuka, myekundu upande mmoja na myeupe upande wa pili. Mwenendo huo ukiuona, umeshamtambua kabla hujafikiria rangi ya tumbo. Kwa upande mwingine, Pantala flavescens, msafiri anayevuka Bahari ya Hindi kwa msaada wa pepo za msimu, anaweza kuonekana popote, hata juu ya uwanja usio na tone la maji karibu. Yeye hujulikana kwa kuruka kwa muda mrefu bila kutua, kwa bawa la nyuma lililo pana sana, na kwa kuning'inia wima chini ya tawi anapopumzika.

Namna ya kutua pia ina maana yake. Trithemis hupenda ncha ya kijiti au jiwe, na huyashusha mabawa mbele na chini mara anapotua. Orthetrum wengi hutua chini zaidi, juu ya udongo, mawe au mashina yaliyolala. Jua likiwa kali, spishi kadhaa huinua tumbo wima kulielekea jua ili kupunguza eneo linalopigwa na mionzi, na mkao huo usichukuliwe kuwa alama ya spishi moja, kwa sababu ni njia ya kukabili joto inayotumiwa na wengi.

Tumchukue sasa yule mwekundu wa kwenye kijiti na tumtazame kwa darubini inayoweza kulenga kitu kilicho umbali wa mita mbili. Hatua ya kwanza ni tumbo, lenye pingili 10. Kama ni pana na bapa, jekundu kote, likiwa na mstari mwembamba tu wa weusi juu yake, na miguu nayo ikaelekea kwenye wekundu, mashaka yanaelekea kwa Crocothemis erythraea. Ndugu yake Crocothemis sanguinolenta ni mdogo na mwembamba zaidi. Kama tumbo ni jembamba, miguu ni myeusi, na pingili za mwisho zina weusi unaopanda kutoka ubavuni, tunamkaribia Trithemis arteriosa, mmoja wa kereng'ende walioenea zaidi barani Afrika. Sasa tazama mabawa. Mishipa yake ni myekundu, hasa upande wa mbele na karibu na shina, na shina la bawa la nyuma lina doa la rangi ya kaharabu. Alama hizo hazitoshi peke yake, kwa kuwa Trithemis annulata naye ana mishipa myekundu na doa la kaharabu. Lakini wekundu wa annulata aliyekomaa hufunikwa na unga unaomfanya aonekane wa zambarau au waridi, na tumbo lake ni pana kuliko la arteriosa. Trithemis kirbyi huondoa utata kwa urahisi zaidi, kwani rangi ya chungwa kwenye mabawa yake imeenea mbali sana kutoka shinani, na hupenda kutua juu ya mawe yaliyopashwa na jua.

Bado hatujamaliza. Sympetrum fonscolombii naye ni mwekundu, naye ana mishipa myekundu, na wengi humchanganya na arteriosa katika picha zisizo wazi. Tazama macho: nusu ya chini ya jicho lake ni ya kijivu kinachoelekea buluu. Tazama miguu: ni myeusi yenye mstari wa manjano. Tazama lile doa dogo lililo ukingoni karibu na ncha ya bawa, ambalo wataalamu huliita pterostigma: kwake ni la manjano iliyozungukwa na mstari mweusi, na kwa arteriosa limekoza kote. Ukiwa na ishara tatu zinazokubaliana, una jina. Ukiwa na moja inayokubali na mbili ambazo hukuziona, una dhana tu, na ni vizuri kuiandika kama dhana.

Napenda kulikazia jambo hilo la mabawa, maana watu wengi huyaona kuwa kitu cha maabara ilhali picha nzuri ya simu huweza kuyaonyesha. Katikati ya ukingo wa mbele wa kila bawa kuna kifundo, yaani mahali ambapo ukingo umejipinda kidogo. Kati ya shina na kifundo hicho kuna mishipa midogo inayokatiza, nayo huhesabika. Katika bawa la mbele la Orthetrum, mshipa wa mwisho kabla ya kifundo huvuka nafasi zote mbili zilizo nyuma ya ukingo. Kwa Trithemis mshipa huo huishia nusu ya njia. Kipimo hiki hakibadiliki kwa umri, wala kwa jinsia, wala kwa nta, na ndiyo maana kina thamani kuliko rangi yoyote. Jike mwenye rangi ya majani makavu, ambaye kila kitabu kinaonekana kumsahau, huweza kuwekwa kwenye jenasi sahihi kwa mshipa mmoja tu.

Kuna kundi ambalo hata mabawa hayalimalizi, nalo ni la Orthetrum wa buluu na la Trithemis weusi wenye mng'ao wa buluu iliyokoza. Orthetrum chrysostigma husaidia kwa kuwa ubavuni mwa kifua ana mstari mweupe uliozungushiwa weusi, ingawa nta ya uzee huweza kuufifisha. Wengine hawana ukarimu huo. Trithemis furva na Trithemis dorsalis wakikaa kwenye jiwe moja, hata mtu aliyewatazama kwa miaka mingi hatawatenganisha kwa macho matupu. Hapo wavu mwepesi na lenzi ya mkononi huwa havina badala.

Kinachotafutwa mkononi kinahitaji maelezo, kwa sababu ni sehemu ya mwili ambayo wadudu wengine hawana. Dume wa kereng'ende hutoa mbegu zake karibu na ncha ya tumbo, lakini kiungo anachojamiiana nacho kiko mbele kabisa, chini ya pingili ya pili na ya tatu. Kwa hiyo hulazimika kwanza kukunja tumbo na kuzihamisha mbegu kutoka nyuma hadi mbele. Chini ya pingili ya pili kuna vijikulabu viwili vinavyomsaidia kulishika tumbo la jike, na umbo la vijikulabu hivyo, yaani urefu wake, upindo wake na mwelekeo wa ncha yake, hutofautiana kati ya spishi zinazofanana kwa kila kitu kingine. Mdudu hushikwa kwa kuyakusanya mabawa yote manne juu ya mgongo, katikati ya vidole viwili, halafu hugeuzwa ubavu ili lenzi ione pingili ya pili kwa upande. Ikiwa nta imejaza sehemu hiyo, brashi laini huiondoa. Kazi hii haichukui muda mrefu, na mdudu huruka zake akiachiwa, mradi mabawa yake yamekwisha kukauka na kukakamaa. Aliyetoka kwenye ganda asubuhi hiyo asiguswe kabisa, kwa maana bawa likijikunja wakati huo halinyooki tena.

Kwa Zygoptera wa jenasi ya Pseudagrion, ambayo ina spishi nyingi sana Afrika, kinachoangaliwa ni ncha ya tumbo la dume. Hapo kuna viambatisho vinne, viwili juu na viwili chini, ambavyo dume hutumia kumshika jike nyuma ya kichwa. Vikionekana kutoka ubavuni hufanana na koleo ndogo zenye umbo la kila namna, na picha iliyolenga hapo huweza kuwa na faida kuliko picha kumi za mdudu mzima. Hivyo anayepiga picha badala ya kukamata apate angalau tatu: moja kutoka juu inayoonyesha mabawa na tumbo, moja kutoka ubavuni inayoonyesha kifua na pingili ya pili, na moja ya ncha ya tumbo. Picha nzuri ya uso, ambayo wengi huipenda, hupendeza macho na kusaidia kidogo sana.

Majike wanastahili subira ya aina yake. Wengi wao hukaa mbali na maji, huja kutaga tu, na wakati huo mara nyingi dume huwa amewashika au anawalinda kwa karibu. Kuwaona wawili pamoja ni msaada mkubwa, ila si uthibitisho kamili, kwa sababu madume huwashika majike wa spishi nyingine kwa makosa mara kwa mara. Tena katika spishi kadhaa wapo majike wenye rangi ya dume. Jinsia basi isiamuliwe kwa rangi: tazama chini ya pingili ya pili, kama kuna uvimbe wa kiungo cha dume au hakuna.

Ramani za maeneo wanamoishi nazo hutumika, kwa tahadhari. Ramani inayosema spishi fulani haipo hapa husaidia sana kwa wale walioshikamana na mahali padogo, kama Amanipodagrion gilliesi wa vijito vya msitu wa Amani katika Usambara Mashariki nchini Tanzania. Kwa spishi zenye mabawa ya kusafiri, ramani hupitwa na wakati. Trithemis kirbyi, ambaye zamani alijulikana kuwa wa Afrika na kusini mwa Asia, alionekana Hispania bara mwaka 2007 na ameendelea kuenea huko tangu hapo.

Na upo uwezekano ambao mtazamaji wa Ulaya karibu haukabili, lakini wa Afrika hana budi kuukumbuka: mdudu aliye mbele yake huenda hana jina. Mwaka 2015 watafiti Klaas-Douwe Dijkstra, Jens Kipping na Nicolas Mézière walieleza spishi mpya 60 za kereng'ende wa Afrika katika andiko moja. Kwa hiyo kuandika "Orthetrum, spishi haijathibitishwa", pamoja na tarehe, mahali, aina ya maji na picha, ni rekodi kamili ya kisayansi, na naiheshimu kuliko jina lililochaguliwa kwa sababu picha ya kitabuni ilikaribia kufanana.

Kundi moja katika jenasi ya Brachythemis linaonyesha kwa nini. Kereng'ende hawa wadogo wenye utepe mweusi kwenye mabawa ya dume hutua ardhini kando ya maji, na huwafuata watu na wanyama wakubwa wanaotembea ili wakamate vidudu vinavyorushwa na miguu. Kwa muda mrefu wote waliitwa Brachythemis leucosticta. Mwaka 2009 uchunguzi wa miili yao na mienendo yao ulionyesha kwamba walikuwa spishi mbili: leucosticta wa upande wa kusini, na impartita wa upande wa kaskazini hadi pwani za Mediterania, na yapo maeneo wanakokutana. Rekodi za zamani kutoka maeneo hayo zilizohifadhiwa pamoja na picha au mdudu mwenyewe ziliweza kuchunguzwa upya na kupewa jina sahihi. Zilizokuwa na jina peke yake haziwezi kugawanywa kati ya spishi hizo mbili.